Mazungumzo ya wahusika wako yamekauka? Tafuta dalili hapa uone chanzo chake

Hii naiandika kwa yeyote anayeandika hadithi, mchezo wa redio, skripti ya filamu fupi au hata insha ya mazungumzo ya shule, na kila akifika mahali wahusika wafungue mdomo kazi yote inakauka. Usimulizi unaenda vizuri, msomaji anaiona Mji wa Kale na milango yake ya nakshi, anasikia harufu ya mahamri, alafu watu wawili wanaanza kuongea na ghafla ni kama anasoma barua ya ofisi ya serikali.

Nimekaa na mazungumzo ya watu muda mrefu, yangu na ya wenzangu tunaosomeana kazi hapa Mombasa, na matatizo ni yale yale yanajirudia. Si lazima usome kutoka juu mpaka chini. Chukua ukurasa wako usome kwa sauti, tena ikiwezekana mpe mtu mwengine asome upande wa pili, mahali ulimi utakapogoma weka alama, alafu uje hapa utafute dalili inayofanana na yako. Jambo moja tu niseme mapema kwa sababu litajitokeza kila mahali: mara nyingi chanzo ni kwamba mhusika anaongea na msomaji, wakati alitakiwa aongee na mwenzake aliyekaa naye kibarazani au aliye upande wa pili wa simu.

Dalili: ndugu wawili wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua

"Kama unavyojua dada yangu Mwanaisha, baba yetu ambaye alikuwa mvuvi kule Mtongwe alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia hii nyumba ya Mji wa Kale."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia dadake hivyo. Mwanaisha alikuwepo siku ya maziko, anajua babake alikuwa nani, na hio nyumba amezaliwa humo. Mwandishi ndiye alikuwa na haraka ya kumpa msomaji habari, akaona njia rahisi ni kumtia kaka maneno mdomoni. Ukiona "kama unavyojua" au "unakumbuka vile" kwenye kazi yako, simama hapo hapo, manake karibu kila mara ugonjwa uko nyuma yake.

Dawa ninayoiamini mimi ni kuwapa kitu cha kugombania. Watu wakibishana hutaja mambo ya zamani bila kuyaeleza, na msomaji anaokota mwenyewe:

"Mwanaisha, hio nyumba haiuzwi."

"Nani kasema kuuza? Nimesema mtu aje aiangalie tu."

"Aiangalie ya nini? Baba hajamaliza hata miaka mitatu."

"Baba mwenyewe angekuwepo angeiuza. Yeye na nyavu zake, humu ndani alilala siku ngapi?"

Kila kitu kimeingia, nyumba, kifo, miaka, uvuvi, na juu yake tumejua mtoto wa kike ana dukuduku na babake. Na kama kuna habari ambayo haiwezi kuingia hata kwa ugomvi, iweke kwenye usimulizi kwa sentensi moja na uendelee. Usimulizi upo kwa kazi hio.

Dalili: simu inaanza katikati kama telegramu

Simu ikalia. Juma akaipokea.

"Njoo haraka hospitali."

"Sawa."

Nikisoma kitu kama hiki najua mwandishi amejifunza simu kwenye filamu za nje, kule mtu anapiga, anasema shida yake, anakata. Sisi hatufanyi hivyo, na sababu si adabu peke yake. Mwanasosholojia wa Marekani Emanuel Schegloff aliandika mwaka 1968 kuhusu namna simu zinavyofunguliwa, akaonyesha kwamba mlio wa simu wenyewe ndio wito, na anayepokea ndiye anayeanza kuongea kwa sababu anaitika ule wito. Mimi niliposoma hio nikawaza, mbona hii ni hodi? Mtu wa Pwani anaelewa jambo hili tangu akiwa mtoto. Mlio ni hodi, "halo" ni karibu, na mtu haingii ndani ya nyumba akaanza kudai pesa kabla hajajulikana ni nani, wenyeji wazima au wagonjwa. Tofauti ni kwamba mlango wa simu hauna tundu la kuchungulia. Ndio maana kukawa na "nani mwenzangu?", ambayo kwangu ni sentensi nzuri mno, maana unamuuliza mtu usiyemjua jina lake huku ushamwita mwenzako.

Maneno ya kwanza kabisa yaliyosikika vizuri kwenye simu, tarehe 10 Machi 1876 kule Boston, yalikuwa ni Alexander Graham Bell kumwita msaidizi wake Watson aje pale alipo. Hakuna salamu. Lakini walikuwa nyumba moja na ile ilikuwa majaribio, mhusika wako hana udhuru huo.

Kwa hivyo kabla hujaandika mstari wa kwanza wa simu, jiulize anayepokea ameona nini kwenye kioo. Kama nambari ameihifadhi ataanza na jina, "Ee Sudi, vipi?", na msomaji anajua papo hapo hawa wanajuana. Kama ni nambari ngeni atasema "halo" ya tahadhari, sauti iko chini kidogo, alafu "nani mwenzangu?" Na kama anayepiga ni mkubwa wake, basi ni "Shikamoo khaloo" kabla hata mwenzake hajavuta pumzi. Mistari miwili tu na ushamwambia msomaji uhusiano wao bila kueleza.

Dalili ya kinyume: salamu zinakula ukurasa mzima

Hii inawapata wale waliosikia ushauri wa hapo juu wakaufuata mpaka mwisho. Hujambo, sijambo, watoto, hawajambo, nyumbani, salama, kazini, twashukuru, na hadithi imelala.

Salamu iliyoandikwa lazima ibebe kitu. Ukiwa nazo sita, tafuta ile moja inayoenda mrama, uiache hio, nyengine uzifute.

"Wazima wote?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Na Bibi?"

"Bibi yupo."

Hapo ndipo pa kukaa. Mtu aliyetakiwa kusema "mzima" akasema "yupo", na kila msomaji aliyekulia huku ameshika moyo. Hukuhitaji kuandika kwamba Bibi ni mgonjwa sana na madaktari wamemrudisha nyumbani. Zile salamu nyengine unazipitisha kwa usimulizi, mfano: Wakaulizana watoto, mvua na bei ya unga, alafu khaloo akanyamaza kidogo. Yeyote aliyewahi kupigiwa simu ya kuombwa pesa anaujua huo ukimya, unakuja baada ya bei ya unga.

Dalili: mhusika anarudia kila anachoambiwa kama kasuku

"Unasema nini? Ati Ali kapata ajali ya bodaboda pale Changamwe, amekimbizwa hospitali na mguu umevunjika?"

Kwenye michezo ya kuigiza hii ni ya kila siku. Mwandishi ameamua tusikie upande mmoja wa simu, alafu akaogopa tutapotea, akamgeuza mhusika kuwa mtangazaji. Mtu aliyepata mshtuko harudii habari yote kwa mpangilio, anashika neno moja. "Ajali? Ajali gani?" Au anauliza kitu kidogo ambacho hakina maana, kama ile bodaboda ilikuwa ya nani.

Amua moja. Ama utupe pande zote mbili, ama utupe mmoja na utuamini. Mimi napenda mmoja:

"Halo... Ee, niko dukani... Saa ngapi?... Na yeye mwenyewe anaongea?... Alhamdulillahi. Si mguu tu?... Usimwambie mama. Sikiza, usimwambie mama mpaka nifike... Hapana, ntapitia kwa Ami nichukue pesa. Haya."

Namna ya kuiandika bila kupotea ni hii, na naomba uijaribu kweli kabla hujasema haifanyi kazi. Chukua karatasi pembeni, andika simu nzima pande zote mbili, maneno ya huyu na ya yule, bila kuruka chochote. Alafu futa upande mmoja. Kinachobaki kitakuwa na urefu sahihi, vinyamazo viko mahali pake, na majibu yatakuwa majibu kweli badala ya wewe kubahatisha. Ukiandika upande mmoja tangu mwanzo utakuta mhusika hapewi nafasi ya kusikiliza, anaongea mfululizo kama anahutubia.

Na zile nukta za dukuduku zisifanye kazi peke yao. Mara moja moja mpe mkono kitu cha kufanya. Mwenye duka anapima mchele, anaacha katikati, mteja anangoja na mfuko wake wazi. Hio inasema kimya kirefu kuliko nukta kumi.

Dalili: habari ya msiba inatolewa kama taarifa ya saa moja

"Samahani kukujulisha kwamba bibi amefariki leo asubuhi."

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona linakosewa sana na ni jambo linalotugusa sote. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwa simu. Anayepiga anajua kwamba mwenzake yuko barabarani, au kazini, au peke yake chumbani, na akiangushiwa neno lile akiwa hana mtu wa kumshika anaweza kuanguka. Kwa hivyo anazunguka. Anasema mgonjwa kazidiwa. Anasema jaribu uje. Na anayesikia anajua, ila wote wawili wanaliacha neno lenyewe bila kulitamka, kila mmoja akimlinda mwengine. Soma hii:

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Sudi. Uko kazini?"

"Ee. Mbona umepiga na nambari ya shangazi?"

"Yangu imekwisha chaji. Uko na nani hapo?"

"Niko na wenzangu. Sudi, kuna nini?"

"Mama mkubwa anasema ukiweza uje nyumbani."

"Sasa hivi?"

"Ukiweza."

"Bibi anaendeleaje?"

"Wewe njoo tu."

Angalia "uko na nani hapo?" Hilo swali ndilo limebeba msiba wote. Sudi hana haja ya kujua ni nani, anataka kuhakikisha kuna mtu karibu. Na "ukiweza" ya pili, fupi vile, imeshasema kwamba haraka imeisha, hakuna tena cha kuwahi. Mwandishi akiongeza hapo "akahisi moyo wake ukidunda kwa hofu" anaharibu, manake msomaji ashahisi kabla yake.

Kuna njia nyengine hutumika kati ya watu wazima ambao hawana haja ya kufichana. Mtu anapiga, salamu mbili, alafu: "Maziko ni baada ya laasiri." Basi. Jina halikutajwa kwa sababu wote walikuwa wanaijua nyumba yenye mgonjwa. Jibu ni Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun na kimya. Familia ya Kikristo kule Changamwe au Likoni itakuwa na maneno yake, "ametuacha", "Mungu amemchukua", na mazishi hayatakuwa siku ile ile, watu wataanza kuulizana ni lini na wapi. Jua nyumba unayoiandika ni ya nani kabla hujaweka maneno.

Chanzo cha kosa hili ni kwamba mwandishi anashika tukio, bibi amefariki, anasahau kwamba kuna mtu wa kulitamka na mtu huyo anaogopa.

Dalili: wahusika wote wanaongea mdomo mmoja

Ziba majina. Kama huwezi kujua ni nani anaongea, wote wanaongea kama wewe. Mzee wa Mji wa Kale, kijana wa Kisauni na fundi aliyekuja juzi kutoka bara hawawezi kuwa na Kiswahili kimoja, na cha vitabuni hakuna hata mmoja wao anayekiongea nyumbani.

Mzee atasema "yuwaja" (anakuja), "ndia" (njia), atamwita kijana "mwanangu" hata kama hana undugu naye. Kijana atasema "niaje", atahesabu pesa kwa soo na thao (mia na elfu), na akiongea na huyo huyo mzee atabadilika papo hapo, shikamoo inatoka, Sheng inarudi mfukoni. Hayo mabadiliko ni dhahabu. Mpe kijana simu mbili mfululizo, moja ya rafiki na moja ya mamake, na usiseme lolote kuhusu tabia yake, msomaji ataijua.

Lakini usizidishe. Nimesoma kazi ambayo kila neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, limeandikwa kama linavyotamkwa, mato (macho), mtele (mchele), kuteka (kucheka), ndaa (njaa), mpaka msomaji wa Nakuru anachoka ukurasa wa kwanza. Na "ndoo hapa", yaani njoo hapa, kwake yeye ni ndoo ya maji. Chagua vitu viwili au vitatu kwa kila mhusika uvishike mpaka mwisho. Mimi kwa mtu wa Pwani mara nyingi najitosheleza na "kaja", "kasema", "kanambia" badala ya "amekuja", "amesema", "ameniambia", pamoja na "ushakula?" na "sikiza". Inasikika bila kumsumbua mtu.

Na naomba sana, usimfanye mtu wa bara kichekesho kwa sababu ya lafudhi yake. Kama "r" na "l" zake zinabadilishana, taja mara moja kwenye usimulizi kisha uandike maneno yake vizuri. Watu wamekuja Mombasa wakazaa na kuzikana hapa, wanastahili kuandikwa kama watu.

Dalili: msomaji hajui ni nani aliyesema

Hili ni tatizo letu hasa. Wenzetu wanaoandika Kiingereza wakiwa na mwanamume na mwanamke chumbani, neno moja dogo, "he" au "she", linatenganisha alichosema huyu na alichosema yule. Sisi tuna "akasema", na "akasema" ni ya Juma na ni ya Zuhura pia. Kwa hivyo ukiiga mpango wa kigeni wa kuweka "akasema" kila mstari hupati faida yoyote, unapata kelele tu, alafu unaanza kutafuta mbadala, akanena, akatamka, akanong'ona, akabwata, na inakuwa mbaya zaidi.

Lakini tumepewa kitu chengine. "Shikamoo" na "marahaba" zinakuambia nani mkubwa nani mdogo bila kutaja jina. "Labeka" ni ya anayeitwa. "Mwanangu", "ami", "shangazi", "mama", hizo zote ni vibandiko vya jina vilivyo ndani ya maneno yenyewe. Ukizitumia vizuri unaweza kwenda mistari kumi bila "akasema" hata moja. Angalia tu usizimwage kila sentensi, watu hutumia jina la heshima wanapoanza, wanapoomba na wanapokasirika, katikati wanaacha.

Dalili: simu ni safi mno, haina mahali

Wahusika wanaongea kama wako studioni. Hakuna upepo, hakuna mtoto, hakuna adhana, netwaki haijawahi kukatika.

Kila simu ina pahali pawili na zote zinasikika. Mtu akipigiwa akiwa kwenye feri ya Likoni, mwenzake atajua, honi ile na umati ule haufichiki. Na hapo ndipo hadithi inaweza kuingia: bwana amesema yuko Malindi kikazi, na nyuma yake makanga anaita "Feri! Feri! Feri!" Mke hajibu lolote. Anauliza tu, "Na kule mvua ipo?" Nakwambia hio simu haihitaji ugomvi.

Netwaki nayo ina kazi yake. Simu ya kawaida kwa miaka mingi imejengwa kupitisha sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3400 hivi, na sauti kama "s", "f" na "sh" sehemu yake iko juu ya hapo, ndio maana watu husikiana vibaya kwenye herufi hizo. "Ali amefika" inasikika "Ali ameshika". Ukitaka mhusika asikie vibaya, tumia makosa ya aina hio na msomaji ataamini, ukibadilisha neno zima ghafla hataamini.

Alafu kuna kugongana. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia wakakuta mtu akiulizwa swali la ndio au hapana, kwa wastani anajibu ndani ya kama sehemu ya tano ya sekunde. Ni haraka mno, maana yake tunakuwa tushaandaa jibu kabla mwenzetu hajamaliza. Sasa simu ikichelewesha sauti hata kidogo, hesabu inavurugika, kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, wanaanza pamoja, wanaacha pamoja. "Wewe sema." "Hapana, sema wewe." "Nilikuwa nataka kusema..." "Halo?" Kwa wapenzi wawili waliokosana hio ni tamu kuandika, manake kimya cha netwaki na kimya cha hasira havitofautiki, na anayesikiliza lazima achague kuamini kipi.

Kwa upande wa alama, neno likikatizwa na mwenzake weka kistari kirefu, mtu akiishiwa mwenyewe weka dukuduku. Usichanganye hizi mbili, ni watu wawili tofauti: mmoja amenyang'anywa, mwengine ameshindwa.

Dalili: simu haifanani na mwaka wake

Hii nitapita haraka. Hadithi iko mwaka 1994 na mhusika anam-flash mwenzake, anapiga na kukata kabla hajapokea. Simu za mkononi zilianza kuenea kwetu kuanzia mwaka 2000 hivi, M-Pesa imeanza Machi 2007, WhatsApp 2009. Kabla ya simu za mkononi kulikuwa na kibanda cha simu na sarafu mkononi, foleni nyuma yako inakusikiliza, au jirani mwenye simu ya nyumbani anayetuma mtoto aje akuite, na wewe unaongea sebuleni kwa watu ukijua wote wametega masikio. Mazungumzo ya namna hio yana mafumbo mengi kwa sababu hakuna faragha. Siku hizi mtu anasema "nimempigia, mteja" na kila Mkenya anaelewa simu imezimwa, maneno hayo umtie mhusika wa 1994 utakuwa umempa kitu ambacho hakijazaliwa.

Na ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiuandike kama simu. Hakuna anayekatiza, kwa hivyo mtu anazunguka, anarudi nyuma, anamkemea mtoto katikati, anasahau alichotaka kusema. Uachie huo uzembe.

Dalili: simu inaisha kwa kukatwa tu

Kukata bila kuaga, kwetu, ni tusi au ni salio limekwisha. Kama hukukusudia mojawapo ya hizo mbili, mhusika wako aage. Na kuaga kuna ngazi zake: "haya" ya kwanza inasema tunaelekea mlangoni, alafu salamu za nyumbani, "zimefika", alafu "haya" ya mwisho. Mtu mwenye jambo zito moyoni hulisema hapo, baada ya haya ya kwanza, kama mgeni anayeongea akiwa ashavaa viatu. Kaka na dada wa ile nyumba, baada ya kuongea robo saa kuhusu harusi ya jirani:

"Haya basi."

"Haya. Nisalimie watoto."

"Zimefika. Na wewe msalimie shangazi."

"Ntamwambia. Ee, Mwanaisha..."

"Mmh?"

"Yule mtu wako wa nyumba. Mwambie aje Jumamosi."

Kata hapo, kabla Mwanaisha hajajibu.